Chanjo mbili za malaria: ipi nafuu, na kwa nani?

Mtoto wa Homa Bay nchini Kenya na mwenzake wa Apac, Uganda, hawachomwi chanjo moja ya malaria. Homa Bay walianza na RTS,S Septemba 2019. Apac walianza na R21 Aprili 2025. Zote mbili mzazi hazilipii. Wanaolipa ni serikali na wafadhili, na hapo ndipo tofauti inapoanza.

Kiini cha chanjo zote mbili ni kimoja. Protini hutengenezwa ndani ya hamira, kisha hujikusanya yenyewe kuwa vitufe vidogo mno, vyenye umbo kama la kirusi lakini visivyoambukiza. Juu ya vitufe hivyo hubebwa kipande cha kimelea cha malaria, ili mwili umtambue adui kabla hajaingia. Kwenye RTS,S, protini chache tu ndizo zenye kipande hicho. Kwenye R21 zote zinacho.

Bei. Mkataba wa UNICEF wa 2022 uliiweka RTS,S kwenye euro 9.30 kwa dozi. Dozi nne ni euro 37.20. R21 ilitangazwa kwa dola 2 hadi 4, yaani haizidi dola 16 kwa mtoto mmoja. Watengenezaji wa RTS,S wameahidi kushuka chini ya dola 5 ifikapo 2028.

Matumizi. RTS,S huja na vichupa viwili, cha unga na cha maji. Muuguzi huvichanganya akapata dozi mbili, na zinapaswa kutumika ndani ya saa sita. Akija mtoto mmoja tu siku hiyo, dozi ya pili huenda ikamwagwa. R21 ni maji tayari. Zote hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8.

Nguvu. Hazijawahi kupimwa bega kwa bega, na WHO haijasema ipi inaishinda nyingine. Mwaka wa kwanza wa majaribio yaliyohusisha Kilifi na Bagamoyo, R21 ilipunguza malaria kwa asilimia 68 penye malaria mwaka mzima. Kule RTS,S ilikoanzishwa, Ghana, Kenya na Malawi, vifo vya watoto waliofikia umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13.

Kwa bajeti ya nchi, basi, R21 ina unafuu. Kwako mzazi, chanjo bora ni iliyopo kwenye friji ya kliniki yako leo, usisubiri nyingine. Gharama yako ni nauli na siku za kazi, mara nne. Dozi ya nne huja muda mrefu baada ya ya tatu, wakati kadi ya kliniki imeshasahaulika kabatini. Itoe, uangalie tarehe. Na chandarua kisishuke.