Mmea Katika Nyumba

Katika miji kama Bukavu na Lubumbashi, watu wengi hupenda kuweka mmea barazani au karibu na dirisha. Wengine huupanda katika chungu, wengine katika kopo kuukuu la maziwa. Mmoja wa mimea hiyo una majani mazito, marefu, yenye milia, yaliyosimama wima kama mapanga. Wafaransa huuita ulimi wa mama mkwe, kwa kuwa ni mrefu, tena ncha yake ni kali! Jina lake la elimu ni Dracaena trifasciata. Zamani uliitwa Sansevieria.

Mmea huo si mgeni. Asili yake ni Afrika, toka Nijeria mpaka Kongo. Aina moja yenye ukingo wa manjano huitwa Laurentii. Jina hilo ni ukumbusho wa Émile Laurent, Mbelgiji mwenye elimu ya mimea, aliyekusanya mimea mingi katika Kongo na kufa mwaka 1904. Leo watu wa Ulaya na Marekani huununua kwa fedha. Mtoto wa Kongo aweza kuomba jani moja kwa jirani, akaupata bure.

Je, mmea husafisha hewa?

Watu wengi husema: «Weka mmea chumbani, nayo hewa itakuwa safi.» Je, ni kweli?

Jani likipata mwanga huvuta hewa ya kaboniki, ile ambayo watu na wanyama huitoa wakipumua. Kisha jani hutoa oksijeni. Hiyo ni kweli. Lakini jani ni dogo, na chumba ni kikubwa.

Mwaka 1989 wataalamu wa NASA, shirika la Marekani la safari za anga, walieleza majaribio yao. Waliweka mimea ndani ya masanduku yaliyofungwa kabisa, wakatia hewa zenye sumu. Baada ya muda sumu ilipungua. Watu wakafurahi, na habari ikaenea duniani. Lakini nyumba si sanduku. Hewa huingia na kutoka mlangoni na dirishani. Mwaka 2019 wataalamu wengine walipima upya hesabu za majaribio mengi. Wakaona kwamba, ili mimea isafishe hewa kama inavyosafishwa na upepo unaopita nyumbani, ingehitajika mimea 10 mpaka 1000 katika kila mita mraba moja ya chumba. Watu wangelala wapi?

Basi, anayetaka hewa safi afungue dirisha.

Jambo hili si dogo. Wakati wa baridi watu wengine huingiza mbabula ya makaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Mtu aliyelala huivuta bila kujua, na asubuhi jirani humkuta amekufa. Hakuna mmea uwezao kuondoa sumu hiyo, hata ikiwekwa vyungu ishirini kando ya kitanda. Mbabula ikae nje.

Wengine nao huogopa mmea wenyewe. Husema kwamba usiku humnyang'anya mtu hewa. Hofu hiyo ni ya bure. Hewa ambayo mmea mmoja huivuta usiku ni kidogo sana. Ndugu wawili wakilala kitanda kimoja, kila mmoja huvuta nyingi kupita ule mmea, na asubuhi wote wawili huamka salama.

Faida yake ni nini?

Mmea huleta furaha. Macho yaliyochoka hupumzika yakitazama majani. Mwaka 1984 Roger Ulrich alieleza habari za wagonjwa 46 waliopasuliwa tumbo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu yao waliona miti kwa dirisha. Nusu waliona ukuta wa matofali tu. Wale walioona miti walirudi kwao mapema zaidi, tena waliomba dawa kali za maumivu mara chache. Miti ile ilikuwa nje, si katika vyungu. Hata hivyo yaonekana kwamba kuona majani mabichi humsaidia mtu.

Tena mmea humfundisha mtoto uangalifu. Hauwezi kulia wala kuita. Mwenye kuutunza sharti autazame.

Namna ya kuutunza

Kwanza, toboa matundu matatu au mane chini ya kopo kwa msumari. Weka vijiwe, kisha udongo mweusi uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza. Maji yasipopata njia ya kutoka, mizizi huoza.

Pili, weka kopo karibu na dirisha. Mmea bila mwanga ni kama mtu bila chakula.

Tatu, usinyweshe kwa mazoea. Ingiza kidole katika udongo. Kikitoka na unyevu, ngoja. Ulimi wa mama mkwe hufungua matundu madogo ya majani yake usiku, jua likiisha kushuka, ili usipoteze maji. Kwa hiyo huvumilia ukavu siku nyingi. Unaokufa kwa maji mengi ni wengi kuliko unaokufa kwa kiu.

Nne, mwaga maji yanayobaki katika kisahani. Mbu hutaga mayai hata katika maji kidogo, na baada ya siku kumi hivi mbu wapya huruka. Mbu wa namna hiyo huweza kuleta chikungunya na homa ya manjano.

Tano, futa vumbi juu ya majani kwa kitambaa chenye maji.

Anayetaka mmea wa pili akate jani katika vipande vya urefu wa kidole. Aviache vikauke siku mbili, kisha avichomeke udongoni. Upande uliokuwa chini ubaki chini. Ukigeuzwa, hautoi mizizi. Baada ya majuma kadhaa mizizi huota.

Hadhari

Mmea wa nyumbani si mboga. Ulimi wa mama mkwe ukiliwa hutapisha. Mwingine, uitwao Dieffenbachia, wenye majani mapana ya kijani na madoa meupe, ni mbaya zaidi. Utomvu wake una vijisindano vidogo visivyoonekana kwa macho. Mtoto akitafuna jani lake, kinywa huwaka kama moto na ulimi huvimba. Apelekwe upesi kwa mganga wa hospitali. Nyumba yenye mtoto anayetambaa iuweke juu, mahali asipofika, au isiwe nao kabisa.

Maswali

1. Kwa nini kopo hutobolewa chini?
2. Kipi husafisha hewa ya chumba zaidi: mmea au dirisha?
3. Kwa nini mbabula haifai chumbani usiku?
4. Tazama mimea ya nyumbani kwenu. Upi una kiu leo? Umejuaje?