Nimestaafu Ualimu, Sijastaafu Utume

Mwaka wangu wa mwisho kazini, semina zote tulizoitwa zilihusu fedha. Tulifundishwa kufuga kuku wa mayai, kujenga vyumba vya kupangisha, na kuwakwepa matapeli wanaonusa kiinua mgongo toka mbali. Mafunzo mazuri, sikatai. Ila hakuna aliyetuuliza tutaamkia nini. Mtumishi wa umma Tanzania hustaafu kwa lazima akifika miaka 60. Jumatatu yangu ya kwanza bila kengele ya shule nilioga, nikavaa, nikawa sina pa kwenda. Mume wangu alinitazama, akaendelea na chai yake.

Nikaanza kusoma Biblia, mwanzoni kwa kukosa shughuli tu. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 8, nikakuta jambo nisilowahi kulisikia likihubiriwa: kumbe Walawi nao walistaafu! Wakitimiza miaka 50 waliacha kazi nzito za hema la kukutania, lakini waliendelea kuwasaidia ndugu zao katika ulinzi. Mzigo walitua, nafasi yao ilibaki. Naye Luka anamtaja nabii Ana, mjane wa miaka 84 asiyebanduka hekaluni, aliyemtambua mtoto Yesu mapema kuliko makuhani wengi.

Sisi wa mkoa wa Mara tuna mfano wa jirani. Mwalimu Nyerere aliacha urais mwaka 1985, akarudi Butiama kulima. Uzeeni akazitia Injili zote nne na Matendo ya Mitume katika tenzi, vitabu vikatoka 1996, wakati huohuo akihangaikia amani ya Burundi. Wengi humkumbuka kwa siasa. Mimi humwaza yule mzee akihesabu mizani za Mathayo.

Kwangu kazi ilipitia jumuiya ndogondogo, zinazosali nyumba kwa nyumba. Walitaka niwe mwenyekiti, nikakataa. Tuna tabia hiyo: mstaafu akifika tu anapewa uenyekiti, na kiti kinamlemaza. Nikaomba watoto wa Komunyo ya Kwanza. Jumamosi wanajaa mkekani barazani kwangu, na kwa kuwa baadhi yao wako darasa la nne na bado kusoma kunawashinda, tunaanza na silabi ndipo tuje kwenye sala. Siku nyingine nawapitia wazee wenzangu. Mmoja macho yamefifia, namsomea masomo ya Dominika. Mwingine namsaidia uhakiki wa pensheni. Sioni tofauti kubwa kati ya huduma hizo mbili.

Hata sala zangu zimebadilika. Nilipokuwa kazini nilimwomba Mungu uhamisho, kupanda daraja, ada za watoto. Siku hizi namtajia watu, mmoja mmoja, kama ninavyoita mahudhurio.

Wewe uliyebakiza mwaka mmoja au miwili, usingoje barua ya kustaafu. Jumapili hii mfuate katekista wako, mwambie una saa mbili kwa wiki. Kazi atakupa; parokiani hazijawahi kwisha.