December Hii Mathe Hapiki

Wasee, wacha tuongee mambo ya December mapema, kabla ganji ipate miguu. Kwa keja mob za Eastlands, December iko na njia mbili: ama mnapanda basi ya shags na mizigo imefungwa juu, ama mnabaki Nai, majirani wamehama, watoi wanacheki katuni hadi macho yanawauma. Shags ni muhimu, shosh lazima aonwe. Lakini kuna watoi wa darasa la nne mtaani hawajawahi kanyaga mchanga wa bahari. Na kuna mathe mwenye huwa kwa kibanda kila asubuhi kabla jua itoke, na safari zake zote miaka hii yote zimekuwa za matanga, harusi na kupeleka mtoi boarding. Hao ndio nataka tuwapangie trip ya kwanza ya raha tupu: Mombasa, Wild Waters pale Nyali, slaidi za maji kutoka asubuhi hadi jioni. Nikona sheria moja tu. Kama mathe atafika huko apike, afue na achunge watoi venye hufanya huku mtaani, hiyo si holiday yake. Ni kazi imehamishiwa Coasto.

Kwa nini Wild Waters na si kitu ya hapa tao? Nai iko na vitu za kupanda, na wazae wetu wengi waliijua Luna Park ya Uhuru Park wakiwa wadogo. Lakini mnarudi keja jioni, na mathe anawasha jiko. Mombasa unalala. Pia December joto ya Coasto ni ya ukweli, kaskazi imeanza kuvuma, na mtoi akishuka slaidi akaingia kwa maji hataki kutoka. Na kuna hii: Wild Waters iko Links Road, Nyali, upande wa North Coast. Ukitoka tao unavuka Nyali Bridge umefika. Hakuna kupanga foleni ya feri ya Likoni na watoi wamechoka mgongoni.

Ganji sasa. Hapa ndio trip nyingi hufia, juu watu huanza kuhesabu na December. Anza na Januari. Shule zikifunguliwa kuna fees, kuna vitabu, kuna sweta yenye imekuwa ndogo, na landlord hajui kama mlienda kuogelea. Hiyo doo itoke kwanza, iwekwe kwa M-Shwari, ile lock ya tarehe, isiguswe. Yenye inabaki ndio ya trip. Kama haibaki kitu, sogeza trip hadi mwaka ujao bila aibu. Na Fuliza isiingie hii story kabisa. Raha ya siku tatu haifai kumfuata mathe hadi mwezi wa pili na meseji za deni.

Tuseme mko masiblings watatu wenye mna hustle. Kila mtu akitoa soo moja kila siku, kuanzia mwanzo wa Julai hadi mwisho wa November ni siku 153, hiyo ni 45,900. Mathe asichangishwe hata ashu. Treni ya SGR tangu Januari 2024 economy ni 1,500 kwa mtu mzima, mtoi wa miaka 3 hadi 11 analipa nusu, wa chini ya miaka 3 anabebwa bure. Kwa hivyo nyinyi watatu na mathe ni 6,000, watoi wawili wa primary ni 1,500, na kale kadogo ka miaka miwili ni bure. Jumla 7,500 kwenda, 7,500 kurudi. Ngiri 15 imeenda na reli, na mko na 30,900 ya keja, park na kumanga. Familia haiwezi enda five star na hiyo, lakini inaweza enda vizuri sana.

Tarehe ni ya kuchagua kwa akili. Watoi wanafunga shule mapema, kwa hivyo hakuna kitu inawalazimisha kungoja Krisi. Wiki mbili za kwanza za December ndio zetu, na ikiwezekana Jumanne hadi Alhamisi. Rukeni wikendi ya Jamhuri. Kutoka tarehe 20 kuendelea, Nairobi nzima iko barabarani, nauli ya mabasi inapanda, vyumba vya Nyali na Bamburi vinapanda bei, na foleni ya slaidi moja inaweza kula asubuhi yote ya mtoi. Krisi mwende shags kama kawaida. Shosh hatakasirika, ataletewa mabuyu.

Treni book mapema kabisa, na *639#, unalipa na M-Pesa, jina kwa tiketi ifanane na ya ID. Sasa mniskize hapa: watu wengi hukimbilia ile ya usiku ndio wafike asubuhi. Kwa trip ya kwanza ya watoi mimi nasema hapana. Chukueni ile ya saa mbili asubuhi, yenye inasimama Emali, Kibwezi, Mtito Andei na Voi. Inachelewa kidogo, lakini mnapita Tsavo mchana kweupe. Ndovu wa Tsavo ni wekundu juu ya ile udongo wanajipaka, na mtoi akiwacheki kwa dirisha hiyo holiday imeanza kabla mfike stesheni ya Miritini, Mombasa. Mathe mpatieni kiti ya dirisha pia. Watoi huchoka na dirisha haraka, mathe hachoki.

Siku ya safari, stesheni ya Syokimau mfike mapema. Kabla mwingie, mizigo yote inapangwa chini kwa laini, mnasimama kando, mbwa wa sanse anapita akinusa begi moja baada ya nyingine. Watoi wengine huogopa, wengine hutaka kumshika. Waambie mapema venye itakuwa. Baadaye kuna mashini ya kukagua, halafu mnaprint tiketi, halafu ID tena. Na kale kamtoi kakilala kwa hiyo laini, ni wewe unakabeba. Mathe anabeba kibeti yake peke yake.

Keja ya kulala itafutwe North Coast, Nyali, Bamburi ama Kisauni, yenye iko karibu na barabara ya mathree na tuktuk. Wasee wengi huchagua keja yenye iko na jikoni kubwa ndio wasave kwa kupika. Nimekaa nikafikiria hiyo maneno na nimeikataa. Jikoni ikiwa kubwa, mathe ataingia. Hawezi jizuia, amezoea. Chukueni yenye iko na jiko ya kuchemsha chai na maziwa ya mtoi, basi, kwingine kote mnunue. Mombasa si mahali pa kulala njaa. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi ya moto, mchana viazi karai na ukwaju, jioni mishkaki na mkate wa mofa, na madafu kila kona. Familia yote inashiba na pesa yenye hapa Nai ingenunua kuku na chipo za watu wawili. Na mkifika kwa mama wa mahamri, salamu kwanza. Huko hauanzi na "niwekee ya mbao". Unaamkia, unaulizwa za Nairobi, halafu unakula.

Siku ya park yenyewe ndio nataka tukae hapo kidogo. Kazi yake inaanzia mtaani. Slaidi kubwa huwa na kipimo ya urefu, na hakuna kitu inaumiza mtoi kama kupanda ngazi zote halafu arudishwe chini mbele ya watu. Kwa hivyo pimeni watoi kwa mlango wa keja, chora na chaki, halafu piga simu park uulize kila slaidi inataka urefu gani na siku hiyo kiingilio ni ngapi. Mtoi ajue yake ni gani kabla mfike. Nguo za kuogelea zitafutwe Gikomba ama Toi mapema, bei ni ya kuongea, na ziwe za kitambaa ya kuogelea kabisa. T-shati ya pamba inanyonya maji, inakuwa nzito, na mara nyingi watu wa swimming wataikataa. Mathe kama hataki kuvaa nguo fupi, kuna zile ndefu za kufunika mwili za kitambaa hicho hicho, aingie kwa maji akiwa huru. Wasichana wote wasukwe matuta kabla ya safari, ndio mtu asikae nje akilinda nywele.

Mfike ikifunguliwa. Asubuhi jua haijakasirika na foleni ni fupi, kwa hivyo slaidi kubwa ndio za kwanza. Onyesheni watoi venye watu hushuka: umelala chali, miguu mbele, mikono umekunja kifuani, na unangoja yule msee wa usalama akuonyeshe ishara. Ukifika chini, toka hapo mdomoni haraka, mwenzako anakuja na speed. Kuanzia saa sita hadi saa tisa, jua ya Mombasa inasimama juu ya kichwa. Simiti inachoma nyayo, kwa hivyo patapata ziwe karibu. Hiyo ndio saa ya kivuli, maji ya kunywa na kumanga. Ngozi nyeusi pia huungua, mpakeni watoi mafuta ya jua hadi nyuma ya masikio, na mrudie kila mkitoka kwa maji.

Sasa kuchunga watoi. Mtoi akizama hapigi nduru. Mdomo uko kwa maji, hana pumzi ya kuita mtu, anapotea kimya na watu wamemzunguka. Kwa hivyo kuchunga iwe ni zamu, saa moja moja, kati ya nyinyi masiblings. Mwenye ako zamu anasimama pale ukingoni, macho kwa maji, simu hana. Hapigi selfie, hajibu meseji ya dem. Wale wadogo wakae kwa maji ya magoti, na mtu mzima ako ndani na wao, mkono unaweza wafikia. Jina la mathe lisiwe kwa hiyo zamu. Najua atajaribu kuingia. Mwambieni, "Mathe, kaa, leo ni yetu." Akitaka kupanda slaidi apande, akitaka kulala kwa kivuli na soda baridi alale, mradi hakuna mtu anamuita kila dakika aulize taulo iko wapi.

Na simu zenu zote zisiende kwa maji. M-Pesa ya trip nzima iko kwa simu moja, ikizama mmekwama Nyali na nguo zimelowa. Gawanyeni ganji kwa simu mbili, na cash kidogo ikae kwa mtu wa tatu.

Siku ya pili watoi watalilia kurudi slaidi. Usikubali haraka. Kuna Haller Park pale Bamburi, na mtoi wa Dandora mwenye huona dampo kila siku anafaa kupelekwa hapo. Hiyo ilikuwa machimbo ya kampuni ya simiti, shimo jeupe, hakuna kitu inamea. Mwaka wa 1971 René Haller akaanza kupanda mivinje. Miti ilishika, lakini majani yake yalikuwa yanaanguka na kukaa tu bila kuoza, hadi akaleta majongoo. Majongoo wakakula majani, na mavi yao ikawa udongo. Leo kuna msitu, twiga anakula kwa mkono ya mtoi, na makobe wakubwa wa Aldabra wanatembea polepole kwa njia. Ni hapo ndio kiboko mchanga, Owen, aliletwa December 2004, baada ya kuokolewa baharini karibu na Malindi wakati wa tsunami. Hakuwa na mathe. Akamfuata kobe mmoja mzee anaitwa Mzee, wakawa wanalala pamoja, wanakula pamoja, picha zao zikazunguka dunia. Wapigie watoi hiyo story mkiwa hapo hapo, usiwapigie kwa treni.

Fort Jesus mkipata nafasi pitieni, Wareno walianza kuijenga 1593 na kuta bado ziko. Jioni nendeni Mama Ngina Waterfront mkae chini ya mibuyu, muagize mihogo ya kukaanga na pilipili na ndimu, mcheki meli kubwa zikiingia Kilindini karibu hivi unaweza soma jina. Kukaa hapo ni bure. Na kabla ya kurudi, mathe apelekwe Biashara Street achague leso yake mwenyewe. Pesa ya hiyo leso iwe imetengwa tangu Julai.

Imebaki kibanda. Mathe wa mboga akifunga siku hizo zote anaogopa kupoteza customer, na hiyo ndio sababu ya ukweli yenye wamathe wengi husema "nyinyi nendeni tu na watoi". Tafuteni mtu anajua bei za sukuma na nyanya, binamu ama yule jirani wa kuaminika, mumlipe kutoka kwa ile 45,900, aanze kusimama na mathe wiki moja kabla ndio customer wamzoee. Halafu usimuulize mathe kama angependa kwenda, juu atakataa kwa niaba ya pesa yenu. Kaa chini na yeye kama mwezi mmoja kabla, nyinyi watatu mkiwa hapo. Mshow tarehe. Mshow meseji ya tiketi na jina lake. Mshow nani atakuwa kwa kibanda, nani amelipia keja, na fees ya Januari venye iko kwa lock. Akimaliza kuuliza maswali yake yote, muulizeni angetaka nguo ya kuogelea ya rangi gani.