Timboroa, Stesheni Inayostahili Kutazamwa Upya

Matatu ya Nakuru kwenda Eldoret ikikaribia Timboroa, abiria hufunga madirisha. Baridi ya huko haina mchezo. Kando ya barabara kuna magunia ya viazi, na wateja wake ni wengi kuliko wanaogeuza shingo kuitazama stesheni ya reli. Inasikitisha, maana stesheni hiyo iko futi 9,001 juu ya usawa wa bahari, na kwa miongo mingi imetajwa kuwa ya juu kuliko zote katika Jumuiya ya Madola.

Wapenzi wa majengo ya uchukuzi ya karne iliyopita hukimbilia yale makubwa: uwanja wa ndege wa Embakasi uliofunguliwa mwaka 1958, au stesheni ya TAZARA jijini Dar es Salaam, yenye ukumbi mpana wa zege, iliyojengwa kwa msaada wa China. Nami nayapenda. Hata hivyo, uzuri wa Timboroa unataka kwanza ukijue kilima. Stesheni ya Nakuru iko futi 6,071. Kutoka hapo treni hupanda karibu futi 3,000, ikivuka ikweta njiani, na kilele cha reli, futi 9,136, kiko karibu na Timboroa. Reli hii ilifika Eldoret mwaka 1924 na Kampala mwaka 1931.

Njia ni moja, kwa hiyo treni zinazokutana hupishana stesheni. Ndiyo maana porini kwenye ukungu palihitajika njia ya kupishania, ishara, ofisi ya stesheni masta na landhi za wafanyakazi. Kila kimoja kilipata umbo lake kutokana na kazi, na hilo ndilo wasanifu wa kisasa walilohubiri kote duniani.

Treni za mizigo za Malaba bado hupita hapa. Lakini mpango wa kuitoa reli mpya ya SGR Naivasha hadi Kisumu unafuata njia ya Narok na Bomet, mbali na kilima hiki. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inaruhusu majengo kutangazwa kuwa turathi. Timboroa itangazwe yote kwa pamoja, landhi zikiwemo, kwani ofisi bila makazi ya waliokesha humo ni nusu ya habari. Na wastaafu wa reli waitwe sasa, wangali hai, waeleze kazi ilivyofanyika usiku wa mvua.