Kabla ya Kuasiliwa, Watu Wake Watafutwe

Mgeni anayetaka kuasili mtoto kutoka Kisumu leo ataambiwa haiwezekani. Novemba 2014 Baraza la Mawaziri lilisimamisha wageni kuasili watoto wa Kenya kwa hofu ya biashara ya watoto, na Septemba 2019 likapiga marufuku. Kabla ya hapo njia ilikuwapo. Mwaka 2007 Kenya ilijiunga na Mkataba wa Hague wa 1993 kuhusu kuasili watoto kati ya nchi, unaotaka familia itafutwe kwanza ndani ya nchi, na serikali za nchi zote mbili ziridhie kabla mtoto hajavuka mpaka.

Wengi hudhani ugumu wa kuasili uko mahakamani. Kwangu mimi uko mwanzoni kabisa, kwenye kuhakikisha kwamba mtoto kweli hana mtu.

Tuseme mtoto ameokotwa ufuoni Dunga. Polisi huandika taarifa kwenye kitabu cha matukio (OB), afisa wa watoto humfikisha mtoto mahakamani, na mtoto hupelekwa kwenye makao ya watoto kwa amri ya mahakama. Kisha watu wake watafutwe. Wavuvi wa omena huhama wakifuata samaki, leo Usenge, baadaye Mbita, kwa hiyo baba anaweza kuwa hai na asijue lolote. Kamati ya ufuo, yaani BMU, inazijua boti na wenye boti. Naibu chifu anajua boma lililofiwa. Mara nyingi anayepatikana ni nyanya, ambaye tayari analea wajukuu walioachwa na Ukimwi. Huyo ana haki ya kuulizwa, na kusaidiwa: ruzuku ya serikali kwa walezi wa mayatima imekuwa shilingi 2,000 kwa mwezi, kiasi kisichotosha karo na chakula.

Haraka hapa ni hatari, kwa sababu kuasili hukata kisheria uhusiano wa mtoto na wazazi waliomzaa. Kwa Waluo, mvulana hujenga nyumba yake katika dala, yaani boma, la babake. Akikatwa kimakosa, atakosa pa kujenga.

Asipopatikana yeyote, mtoto hutangazwa rasmi kwamba anaweza kuasiliwa. Familia ya Kikenya huishi naye angalau miezi mitatu kabla ya kwenda mahakamani.

Mwaka 2022 serikali ilizindua mkakati wa miaka 10 wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha katika familia. Nauunga mkono kwa moyo wote. Lakini afisa asiye na mafuta ya pikipiki hatafika Usenge, na mtoto ataandikwa kuwa hana jamaa kabla jamaa zake hawajaulizwa.