Mizizi na Vidonge: Mgonjwa wa Akili Atibiwe Wapi?

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Katika jamii zetu, hakuna maradhi yanayofichwa kama yale ya akili. Kijana aliyekuwa akiongoza darasani anapoanza kujitenga, kucheka peke yake na kujibu sauti ambazo hakuna mwingine azisikiaye, jambo la kwanza hufungiwa mlango ili majirani wasimwone. Siri inapozidi nguvu za kuta, ndipo wazee hukutana na kugawanyika makundi mawili. Wako wasemao apelekwe kwa mganga kwa kuwa ugonjwa huu si wa hospitali. Wako pia wasemao apelekwe hospitalini kwa kuwa mitishamba ni ushirikina mtupu. Mabishano yakiendelea, mgonjwa angali amefungwa kamba.

Makundi haya mawili yana kosa moja: yote yanadhani kwamba mzizi na kidonge ni maadui wa tangu jadi. Historia ya dawa zenyewe inakanusha dhana hiyo.

Nchini India kuna kichaka kiitwacho Rauvolfia serpentina, ambacho mizizi yake imetumiwa na matabibu wa huko kwa karne nyingi kuwatuliza wenye wazimu. Katika baadhi ya sehemu watu waliuita mzizi huo kwa jina lililomaanisha, bila kificho, dawa ya wazimu. Mwaka 1931 madaktari wawili Wahindi, Sen na Bose, waliandika kwamba mzizi huo uliwatuliza wagonjwa wa akili na pia kuteremsha shinikizo la damu. Ulimwengu wa Magharibi haukuwasikiliza. Ilikuwa hadi mwaka 1952 ambapo wanakemia wa kampuni ya Ciba, Uswisi, waliitenga kemikali ya reserpini kutoka mzizi huo, na mwaka 1954 Nathan Kline, daktari wa magonjwa ya akili katika jimbo la New York, akatangaza manufaa yake kwa wagonjwa wake.

Bara letu nalo halikuwa nyuma. Mwaka 1960 daktari Raymond Prince alichapisha taarifa kuhusu waganga wa Kiyoruba nchini Nigeria, ambao walikuwa wakiwatibu wenye wazimu kwa mmea wa ukoo huohuo, Rauvolfia vomitoria. Hapa Afrika Mashariki, ndugu zetu Wachaga hutumia gome la msesewe katika kutengeneza pombe yao ya mbege, na msesewe pia ni wa ukoo wa Rauvolfia. Kwa hivyo, anayedai kwamba mitishamba yote ni porojo hajaisoma historia.

Je, kidonge cha kizungu kilitoka wapi? Hakikutokana na mtu aliyeuelewa wazimu. Dawa ya klorpromazini iliundwa mwaka 1950 katika maabara ya kampuni ya Rhône-Poulenc, Ufaransa, kutokana na kemikali zenye nasaba na rangi za viwandani. Henri Laborit, mpasuaji wa jeshi la wanamaji, alikuwa akitafuta dawa ya kuwatuliza wagonjwa kabla ya kupasuliwa. Alipoona utulivu wa ajabu iliouleta, alipendekeza wajaribiwe wagonjwa wa akili. Mwaka 1952 madaktari Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris, waliitumia na kupata matokeo yaliyoshangaza dunia.

Baadaye iligunduliwa kwamba mzizi na kidonge hugusa jambo moja katika ubongo. Kuna kemikali iitwayo dopamini ambayo hupeleka habari kati ya chembe za neva. Reserpini humaliza akiba ya kemikali hiyo, ilhali klorpromazini huziba mahali inapopokelewa. Kwa hakika, ni kwa kutumia reserpini ambapo mwanasayansi Arvid Carlsson wa Uswidi alionyesha, mwaka 1957, umuhimu wa dopamini katika ubongo, kazi iliyomletea Tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Yamkini msomaji atauliza: ikiwa ni hivyo, mbona tusiutafune mzizi tukaokoa fedha? Jibu liko katika kipimo. Nguvu ya mmea hubadilika kulingana na udongo, msimu, umri wake na sehemu iliyochumwa, hivi kwamba vikombe viwili kutoka chungu kimoja huenda visilingane. Kidonge huandikwa uzito wake, na daktari huweza kukiongeza au kukipunguza akijua anachofanya. Isitoshe, reserpini yenyewe iliachwa katika matibabu ya wazimu kwa sababu iliteremsha mno shinikizo la damu, ikashukiwa kuwatia baadhi ya wagonjwa majonzi mazito, na ilifanya kazi polepole kuliko klorpromazini. Ikiwa hata dawa iliyopimwa ilikataliwa baada ya kuchunguzwa, tutasemaje kuhusu mchanganyiko ambao viungo vyake ni siri ya mtu mmoja?

Hata hivyo, haki hudai tuzitaje pia dosari za hospitali. Dawa kama haloperidoli zaweza kuukaza mwili, kuitetemesha mikono na kumfanya mgonjwa adondokwe na mate. Nyingi kati ya zile mpya hunenepesha na kuongeza hatari ya kisukari. Mgonjwa asipoelezwa mapema, huzitupa, na baada ya muda sauti humrudia. Fauka ya hayo, wataalamu wa akili ni haba na wengi wao wako mijini, nayo fimbo ya mbali haiui nyoka. Mganga yuko kijijini, anaijua lugha ya wazazi, na ana muda wa kuwasikiliza.

Basi njia ipo, na Waafrika ndio walioionyesha. Mwaka 1954 Profesa Thomas Adeoye Lambo alianzisha huko Aro, Abeokuta, mpango wa kuwatibu wagonjwa wakiishi vijijini pamoja na jamaa zao, na akawashirikisha waganga wa kienyeji. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Nigeria na Ghana kwa wagonjwa 307. Baadhi yao walitunzwa kwa ushirikiano: waganga na viongozi wa maombi waliendelea na kazi yao, huku wahudumu wa afya wakiwafuata huko huko na kuwapa dawa za hospitali. Baada ya miezi sita, hao walikuwa wamepata nafuu kubwa kuliko wenzao. Hapa Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inautambua uganga wa jadi. Kilichobaki ni kuutia katika mizani.

Mizani hiyo iwe na masharti. Mganga asimfunge mgonjwa pingu, asimchape wala kumnyima chakula. Asimwamuru aache vidonge. Naye daktari asimkemee mzazi aliyepitia kwa mganga, kwani akikemewa ataficha, na dawa mbili zikikutana mwilini bila daktari kujua zaweza kumdhuru mgonjwa.

Nanyi walimu, jukumu hili lawahusu zaidi ya mnavyofikiri. Skizofrenia huanza aghalabu katika miaka ya mwisho ya ujana na mwanzo wa utu uzima, yaani katika shule za upili na vyuo. Mwanafunzi ambaye alama zake zimeporomoka ghafla, asiyelala, anayewashuku wenzake bila sababu, hahitaji kiboko wala kufukuzwa. Anahitaji kupimwa, na upesi, maana kadiri matibabu yanavyocheleweshwa ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu. Isitoshe, malaria iliyopanda ubongoni, kifafa au dawa za kulevya zaweza kuleta dalili kama hizo, na hayo yote hutambuliwa kwa vipimo, si kwa ramli.

Nanyi wanafunzi, msimcheke mwenzenu. Miongoni mwenu wamo watakaosomea ufamasia na botania. Iendeeni mizizi ya nyanya zenu kwa heshima na kwa mizani, muulize ni kiasi gani, kwa nani, na kwa madhara gani. Dawa itakayojibu maswali hayo ni dawa, iwe imechimbwa msituni au imetoka kiwandani. Isiyoweza kuyajibu, tusimnyweshe mtoto wa mtu.