Kwa Nini Mirija ya Nyongo Ipigwe Picha Kabla ya Upasuaji?

Mama mmoja aliyeomba Mpako wa Wagonjwa kabla ya kupasuliwa alinilalamikia kwamba ultrasaundi ilikwisha kuonesha mawe katika mfuko wake wa nyongo, lakini daktari alimtaka apige picha nyingine, ya MRI, yenye gharama kubwa zaidi. “Baba, mawe yameonekana. Wanatafuta nini tena?” Swali lake ni la haki, nami nalijibu kwa kadiri nilivyoelimishwa na matabibu, maana seminarini hatukufundishwa habari za ini.

Nyongo hutengenezwa katika ini. Hutoka kwa mirija miwili, wa kulia na wa kushoto, ambayo huungana kuwa mmoja. Chini kidogo hujiunga nao mrija mwembamba utokao kwenye mfuko wa nyongo, na mrija mkuu huendelea hadi utumbo mdogo. Ndivyo vitabu vichoravyo. Lakini wataalamu hukadiria kwamba ni watu wapatao 6 tu kati ya 10 wenye umbo hilo hasa. Mrija wa kulia hutokana na matawi mawili, la mbele na la nyuma. Kwa baadhi ya watu tawi la nyuma humwaga nyongo yake katika mrija wa kushoto; kwa wengine matawi hayo mawili na mrija wa kushoto hukutana mahali pamoja; na kwa wachache tawi hilo hushuka chini mno, hata kuingia katika mrija wa mfuko wa nyongo. Hayo si maradhi. Mtu huzaliwa nayo na kuzeeka nayo pasipo kujua.

Hatari huja siku ya kisu. Katika kuondoa mfuko wa nyongo, daktari hukata mrija wa mfuko huo peke yake. Akikata tawi lililoshuka chini, au mrija mkuu wenyewe, nyongo huvujia tumboni, au hukosa njia na mgonjwa huingiwa na umanjano. Mara nyingi hulazimu upasuaji wa pili, mgumu kuliko wa kwanza. Ajali hiyo ni adimu, chini ya mgonjwa 1 katika kila 100, lakini aliyepatwa nayo aweza kuteseka miaka mingi.

MRI ya mirija huyafanya majimaji yaliyotulia yang’ae, hivyo nyongo yenyewe huchora njia zake. Haitumii mionzi, wala kwa kawaida haihitaji kuingiza dawa mwilini. Mgonjwa hufunga kula kwa saa chache na kubana pumzi anapoambiwa. Mwenye chuma au kifaa chochote mwilini aseme mapema. Si kila mwenye mawe huihitaji. Huombwa hasa pale inaposhukiwa kwamba jiwe limeteremka katika mrija mkuu, au ultrasaundi imeonesha jambo lisilo la kawaida. Tena daktari aweza kutia dawa katika mirija na kupiga eksirei wakati wa upasuaji wenyewe, njia iliyoanzishwa na Pablo Mirizzi huko Argentina mwaka 1931.

Kwa anayejitolea sehemu ya ini lake, jambo hili ni zito zaidi. Mwaka 1989, huko Brisbane, Australia, mama alimpa mwanawe kipande cha ini na mtoto akapona. Hapo anayewekwa mezani ni mtu mzima wa afya. Ikiwa sehemu ya kulia ndiyo itakayotolewa, na tawi la nyuma linaingia kushoto, kipande kitatoka na midomo miwili ya kushonwa badala ya mmoja, na mrija unaobaki kwa mtoaji waweza kujeruhiwa. Katekisimu, namba 2296, yataka hatari anayoikabili mtoaji ilingane na mema yanayotafutwa kwa mpokeaji, naye aridhie kwa kujua. Atajuaje, ikiwa mirija yake haijaonekana? Picha ikionesha umbo lisilofaa, madaktari waweza kumkataa, naye asione aibu. Hata yeye mwenyewe ana haki ya kughairi.

Mama yule alipiga picha. Tawi lake la nyuma lilikuwa limeshuka chini, na daktari alimwonesha kwa kidole kwenye kioo mahali ambapo hatagusa.